Si Kila Anayeanguka Mazoezini ni Mvivu

Mwalimu wa timu aliye mkali husifiwa sana na wazazi. Anamtoa mtoto kijiweni, anamfundisha kuamka mapema na kutii. Mimi sina ugomvi naye. Lakini mwezi huu nawaomba twende mbali kidogo, hadi Marekani, kwenye vyuo vinavyocheza ule mpira wao wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kinga nzito mabegani. Kule ukali wa makocha una historia ndefu, na misiba yao imetufundisha jambo ambalo kila mwenye mtoto shuleni anapaswa kulijua.

Mwaka 1954 kocha mmoja aitwaye Paul Bryant, ambaye watu walimpa jina la Dubu, aliajiriwa na chuo cha Texas A&M. Mwezi Septemba aliwapakia vijana wake kwenye mabasi mawili akawapeleka Junction, mji mdogo wa Texas, wakati wa ukame mkali. Walifanya mazoezi siku kumi kwenye uwanja mkavu wa mawe na miiba, wala hawakuruhusiwa kunywa maji uwanjani. Siku hizo makocha wengi waliamini kwamba maji humlegeza kijana. Wengi walitoroka usiku. Kati ya vijana wapatao 100, waliomaliza hawakufika 40. Mmoja aliporomoka kwa joto na nusura afe.

Mwaka 1956 timu hiyo ilichukua ubingwa wa ligi yake bila kufungwa hata mechi moja, na watu wakaanza kusimulia habari za Junction kana kwamba kiu ndiyo iliyoleta kombe. Wasimuliaji husahau kwamba katika msimu ule ule wa 1954, mara baada ya mateso yale, timu ilicheza mechi kumi ikashinda moja tu.

Mwili hauwezi kufundishwa kuzoea kiu. Misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi, kama injini ya lori linalopanda mlima, na jasho ndilo linaloupoza mwili. Asiyekunywa maji hupungukiwa na jasho, na damu yake hupungua nguvu ya kupeleka joto kwenye ngozi. Joto la mwili likipita nyuzi 40 za sentigredi, ubongo huanza kuyumba. Kijana hupepesuka, hujibu maswali ovyo, huwa mkali bila sababu au huanguka. Baada ya hapo ini, figo na misuli huanza kuharibika. Ndiyo maana dakika za mwanzo ni za thamani kubwa.

Mtu atasema hayo ni mambo ya zamani. La. Mei 29, 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, kijana wa miaka 19 aitwaye Jordan McNair alikuwa kwenye mazoezi ya kwanza baada ya likizo. Alikuwa na mwili mkubwa, kilo zaidi ya 140. Waliamriwa kukimbia mbio za karibu mita 100, mara kumi. Hali ya hewa siku ile haikuwa ya kutisha. Ingekuwa Dar es Salaam tungeiita siku ya kawaida. Alianza kuonyesha dalili za kuzidiwa akiwa bado anakimbia. Zaidi ya saa moja ilipita tangu dalili zile hadi gari la wagonjwa lilipoondoka naye. Hakuingizwa kwenye maji baridi. Alipopimwa hospitali joto lake lilikuwa nyuzi 41. Walimbadilishia ini, lakini alifariki Juni 13. Agosti mwaka huo chuo kilikubali hadharani kwamba kilikosea, na mwishoni mwa Oktoba kocha mkuu alifukuzwa kazi.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama pale pale: hakuingizwa kwenye maji baridi. Kwa kijana aliyezidiwa na joto kwa sababu ya mazoezi, hiyo ndiyo dawa. Hakuna sindano inayoishinda.

Poza kwanza, safirisha baadaye

Hapa nikiri kosa letu sisi wenyewe. Miaka ya nyuma, kwenye hospitali niliyokuwa nafanya kazi, aliletwa mvulana wa shule aliyeanguka kwenye mbio za mchana. Walimfunga blanketi kwa sababu alikuwa akitetemeka. Nasi tulipoona mwili unachemka tukasema malaria, tukampa dawa za kushusha homa, tukasubiri majibu ya maabara. Alipona, kwa rehema ya Mungu zaidi kuliko kwa akili zetu. Kule shuleni kwake walikuwa na pipa la maji ya mvua limejaa hadi juu, na hakuna aliyelikumbuka.

Basi shikeni hili. Kijana akianguka mazoezini, au akianza kuongea visivyo, msimwite mvivu, wala msimwambie akaze. Mpelekeni kivulini, mvueni viatu na nguo nzito. Mtieni kwenye beseni kubwa au pipa la maji baridi hadi shingoni, mtu mmoja akimshika kwapani asizame. Barafu ya muuza soda ikiwepo, imwageni humo. Pasipo chombo, mmwagieni maji ndoo baada ya ndoo, mfunikeni kwa khanga zilizoloa na kuzibadilisha, huku wengine wakimpepea. Mwingine atafute gari, lakini kupoza kusisimame kungojea gari. Asiyejitambua asinyweshwe chochote. Wala msidanganyike mkiona bado anatoka jasho. Zamani tulifundishwa kwamba ngozi lazima iwe kavu, lakini mwanamichezo aliyezidiwa na joto mara nyingi jasho linamchuruzika. Panadol haisaidii hapa, kwani hii si homa ya ugonjwa.

Kuna jambo la pili, na hili linatuhusu sisi hasa. Septemba 2006, katika chuo cha Rice, Texas, mchezaji mwingine wa miaka 19, Dale Lloyd, alianguka baada ya kukimbia mbio 16 za yadi mia mia. Alifariki kesho yake. Alikuwa amerithi seli mundu, ile tunayoiita siko seli, kutoka kwa mzazi mmoja tu. Mtu wa namna hii si mgonjwa, na wengi huishi hadi uzee bila kujua. Ila akisukumwa kwa nguvu bila kupumzika, chembe za damu zinaweza kupinda ndani ya misuli na kuziba mishipa. Huyu mara nyingi haanguki ghafla. Hulalamika kwamba miguu haina nguvu, anakaa chini, na bado anaongea. Kwa macho ya kocha anaonekana mvivu kamili. Kuanzia mwaka 2010 vyuo vikubwa vya michezo vya Marekani vilitakiwa kuwapima wachezaji wao.

Kurithi huku ni kwingi Afrika, na kwetu hasa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Simaanishi watoto hao wakatazwe kucheza, wacheze. Waanze polepole msimu unapofunguliwa, wapumzike katikati ya mbio, wanywe maji, na wasilazimishwe kumaliza. Kipimo ni cha damu kidogo tu, na kama kuna mtoto mwenye siko seli katika ukoo wenu, ulizeni hospitali kuhusu ndugu zake.

Mwalimu wa timu mwendeeni kwa heshima, kabla msimu haujaanza. Mwulizeni maji yatakuwa wapi, na kama kila mtoto anaruhusiwa kunywa bila kuomba. Mwulizeni vijana waliotoka likizo au kuugua malaria watapewa siku ngapi za mazoezi mepesi. Wiki moja hadi mbili inafaa. Mwulizeni pipa liko wapi. Na jioni mtoto akirudi, mama mwulize mkojo wake una rangi gani. Ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea, na misuli inamuuma kupita kawaida, msingoje asubuhi, mleteni usiku huo huo.