Kapu la Msasani

Ngalawa zingali zikishusha samaki Msasani, kijiji cha wavuvi tangu kabla mji haujakifikia. Hata hivyo, nyuma ya majumba makubwa zimo nyumba zisizoonja kitoweo kibichi juma zima. Twasema wazi: hiyo ni aibu yetu sote. Samaki bila barafu hafiki jioni, wala mchicha hauvumilii jua. Basi vikundi vya wavuvi na vya kina mama walima mboga vishirikiane. Fungu litengwe alfajiri, lifike jikoni kabla ya adhuhuri. Mwaka 1974, katika Kilimo cha Kufa na Kupona, wafanyakazi wa mji huu walishika jembe. Kubeba kapu hakuwezi kuwashinda wa leo. Balozi wa nyumba kumi alijua jiko lisilofuka moshi. Aelekeze njia, wala asiulize kadi ya Chama.