Maandamano Yanapofika Jikoni

Maandamano ya Nairobi husimuliwa kupitia vitoza machozi na hotuba, ilhali mzigo wake mzito huangukia jikoni. Familia nyingi za Mathare, Kibera na Mukuru hula kwa pesa za siku: unga wa kupima, mafuta ya kupikia ya kadogo, fungu moja la sukuma wiki. Matatu zikigoma kuingia mjini, kibarua hapati kazi, na jioni sufuria haina cha kutiwa. Julai 19, 2023 shule za kutwa zilifungwa Nairobi na Mombasa kwa sababu ya maandamano, mzazi akakwama kati ya kumlinda mtoto na kutafuta unga.

Wapo watakaosema basi waandamanaji ndio wanaowatesa maskini. Hoja hiyo, inayopendwa sana na wanasiasa, inasahau kilichowatoa watu nyumbani. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa VAT wa mafuta ya magari kutoka asilimia 8 hadi 16. Mswada wa Fedha wa 2024 ukataka mkate nao utozwe asilimia 16, kabla ya pendekezo hilo kuondolewa Juni. Ni kweli duka likiporwa, jirani aliyekopa hapo ndiye wa kwanza kuumia. Lakini hasara ya siku moja ina mwisho. Ushuru hulipwa kila asubuhi, chai inapochemka.