Coca haifungui skrubu iliyoliwa kichwa

Swali ni lile lile, Butembo na Beni: "Fundi, hii visi imeliwa kichwa, niimwagie nini?" Wengine hata hawaulizi. Wanaleta pikipiki kifuniko cha klachi kikinata Coca, rangi imebabuka kwa mafuta ya breki, na skrubu iko pale pale. Jibu ni hili: usiimwagie kitu.

Haya ni maradhi mawili, watu wanayachanganya. Skrubu iliyokamata imeshikwa kwenye uzi, ndani. Iliyoliwa imeharibika kichwani: msalaba umegeuka shimo la duara, bisibisi inazunguka bila kushika. Hakuna maji wala mafuta yanayorudisha chuma kilichokwisha kukwanguka. Yakilowesha kichwa, ndiyo kwanza bisibisi inateleza.

Tuseme basi imekamata pia. Coca ina asidi kidogo ya fosforiki, nayo hula kutu ya chuma polepole. Lakini kifuniko cha injini ni alumini, na alumini haifanyi kutu nyekundu. Inafanya unga mweupe, mgumu, unaojibana kati ya uzi wa skrubu na tundu lake, hasa kwenye pikipiki inayokula matope ya barabara ya Beni msimu mzima. Coca itaufikiaje? Kichwa kimelala juu ya kifuniko, kimekazwa. Kinachobaki ni sukari juu, inakusanya vumbi. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi: yanakula rangi, na ukiyafuta umechelewa. Anayekuapia kwamba Coca ilimfungulia, muulize baadaye alishika bisibisi gani. Mara nyingi utasikia aliazima kubwa zaidi kwa jirani.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Skrubu nyingi za kifuniko cha klachi ni za milimita 6, na msalaba wake unataka bisibisi namba 3. Watu wanashika namba 2 kwa sababu ndiyo iliyo mfukoni. Iingize uitikise: inacheza. Ingiza namba 3: inajaa, karibu isimame yenyewe bila kushikwa. Tena pikipiki nyingi za Kihindi na Kichina zinafuata msalaba wa Kijapani, na ncha ya bisibisi ya kawaida haifiki chini kabisa. Isage ncha kidogo kwa tupa, itafika. Kama msalaba bado una kona, paka ncha dawa ya kusagia valvu, ile yenye mchanga, igonge nyundo ikae vizuri, kisha sukuma kwa nguvu na uzungushe polepole.

Kona zikibaki kidogo tu, bisibisi ya kugongwa kwa nyundo ni ya kwanza. Zikiwa zimekwisha kabisa, acha kuhangaika na msalaba. Kichwa kikiwa kimetokeza, kibane kwa koleo la kujifunga, au kikate mfereji kwa msumeno wa chuma utumie bisibisi bapa. Tindo nalo linafaa: ligonge ukingoni mwa kichwa kuelekea upande wa kufungua, na uangalie lisiteleze likala alumini. Ikigoma yote, toboa kichwa chenyewe kwa drili ya milimita 6, katikati kabisa, mpaka kichwa kidondoke. Toa kifuniko; kipande kinabaki kimesimama, na kwa kuwa hakibanwi tena, koleo mara nyingi linakitoa kwa urahisi. Vyuma vya kuchimbia ndani na kung'oa vikivunjika humo ni vigumu kuliko drili yako, kwa hiyo viweke mwisho. Kwa ile iliyokamata, mwagia kifuniko maji ya moto: alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Butembo, kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na zinasaidia. Moto wa gesi usiulete karibu na kabureta.

Skrubu za milango ya mbao za libuyu au muvula ni habari nyingine: huko utepe wa mpira wa tairi la ndani, ukiwekwa kati ya bisibisi na kichwa, wakati mwingine unashika, kwa kuwa mbao haikamati kama chuma.

Ukimaliza, zile za zamani usizirudishe. Nunua za kichwa cha aleni, safisha matundu, paka grisi kidogo kwenye uzi, na ukaze kwa mkono mmoja ulioshika ufunguo mfupi. Uzi wa alumini ukikatika, hapo gharama si ya skrubu tena, ni ya injini.