Nyumba Inayotoka Jasho

"Mganga, usiku mvua haikunyesha, lakini asubuhi mabati yanatudondokea maji. Mablanketi yamelowa, na mtoto anakohoa."

Akina mama wa milimani, upande wa Lubero na Butembo, wanajua jambo hili vizuri. Wengine wanaita fundi apige misumari upya. Wanapoteza feza bure, maana bati halina tundu.

MAJI YANATOKA WAPI?

Tazama mfuniko wa sufuria. Ukiuinua, unaona matone chini yake. Mvuke umegusa kitu chenye baridi, ukageuka kuwa maji. Nyumba yako usiku ni kama sufuria hiyo. Kila mtu anayelala anatoa mvuke kwa pumzi na kwa ngozi. Watu watano katika chumba kimoja wanatoa zaidi ya lita 1 mpaka asubuhi. Ongeza nguo mbichi zilizoanikwa ndani, na chungu kinachochemka. Butembo iko juu zaidi ya meta 1,700. Mawingu yakikosekana, bati linapoa sana usiku, na mvuke ukiligusa unakuwa matone. Vioo vya dirisha vinafanya vilevile.

HATARI YAKE NI NINI?

Ukuta usiokauka unaota kuvu. Kuvu inaleta kikohozi, na mwenye pumu anazidiwa. Tena chumba kilichofungwa kinashika pumzi ya mgonjwa wa kifua kikuu, na wengine wanaivuta.

Lakini hatari kubwa ni mbabula. Wengine wanafunga madirisha na kuingiza mbabula ya makaa ili nyumba ikauke. Usifanye hivyo hata siku moja! Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala, haamki tena. Jamaa nzima zimekufa hivi katika usiku mmoja.

TUFANYE NINI?

1. Kila asubuhi fungua mlango na madirisha yote, hewa ipite.

2. Acha tundu chini ya paa, pande mbili, usiku na mchana. Weka wavu, mbu wasiingie. Kitanda kisiwe katika njia ya upepo.

3. Anika nguo nje. Jiko liwe kando ya nyumba ya kulala.

4. Sogeza kitanda mbali kidogo na ukuta. Anika matela juani.

5. Osha kuvu kwa maji na sabuni, kisha kausha ukuta.

6. Mtoto apate joto kwa blanketi kavu, kofia, na mwili wa mama yake.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi, au mwenye mwaka 1 mpaka 5 mara 40 au zaidi, mlete hospitali siku ile ile. Usingoje kesho.

Hewa safi hainunuliwi sokoni. Fungua dirisha lako.