Moshi wa Zebaki Hugeuza Tabia ya Mtu

Yuko baba aliyekuwa mpole na mcheshi. Akaenda kuchoma dhahabu miaka kadhaa. Sasa huwakwepa wageni, hukasirika kwa neno dogo, usiku hapati usingizi, na chai humwagika mkononi mwake. Majirani wasema, "Karogwa." Mkewe asema, "Hanipendi tena." Nawasihi, kabla ya kumtafuta mchawi, mwulizeni alikuwa akichomea wapi zebaki yake.

Ninyi wa pande za Geita mwaijua kazi hiyo. Pale mwaloni mchanga wa dhahabu huchanganywa na zebaki, nayo hushikamana na dhahabu kuwa donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha hutiwa motoni. Zebaki yapaa, dhahabu yabaki. Yapaa kwenda wapi? Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, kama sehemu 80 katika 100 hubaki mwilini, na damu huufikisha kwenye ubongo. Kujifunga leso puani hakusaidii kitu.

Jambo hili si geni. Katika karne ya 19 mafundi wa kofia wa Uingereza walitumia zebaki kutengenezea manyoya ya sungura. Wakatetemeka mikono, wakaona haya mbele za watu, wakawa na hasira za ghafula. Watu wakawacheka na kuwaita wendawazimu. Marekani ilikataza kazi ya namna hiyo mwaka 1941 tu. Miaka yote hiyo wagonjwa walichekwa!

Hata mtoto tumboni haponi. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga baharini zebaki ya namna nyingine, ikaingia katika samaki. Ugonjwa wenyewe ulijulikana rasmi mwaka 1956. Akina mama walioonekana karibu wazima walijifungua watoto walioharibika ubongo. Na mvuke wa dhahabu nao hupita kwa mama hadi kwa mtoto.

Mimi karani huona mikono mingi ikitia sahihi katika vitabu vya parokia. Mkono ulioandika vizuri siku ya ndoa, ukitetemeka siku ya kubatiza mtoto wa tatu, huo si uzee. Mwambieni ndugu yenu aandike jina lake, mkalinganishe na la zamani.

Akienda hospitali asione aibu. Amwambie daktari waziwazi, "Nilichoma zebaki," ili mkojo wake upimwe. Asipolisema hilo, huenda akarudi na vidonge vya malaria tu. Dawa ya kwanza ni kuuacha moshi ule. Wengine hupata nafuu baada ya miezi; aliyeuvuta miaka mingi aweza kubaki na mtetemeko na usahaulifu.

Anayelazimika kuchoma, atumie chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba la kuurudisha mvuke uwe zebaki tena, tena nje, mbali na watu. Jikoni kwa mama, kamwe! Na nguo zake za kazi zisilale chumba kimoja na mtoto.