Ukipata Bakuli la Mawe Shambani, Usiling'oe
Mwaka 1938, Mary Leakey na mumewe Louis walichimba pango kando ya Mto Njoro. Humo watu wa yapata miaka 3,000 iliyopita waliwachoma wafu wao, na inaonekana kila mmoja alipewa bakuli la mawe, mchi na jiwe la kusagia. Hilo lilijulikana kwa sababu vitu vilikutwa mahali pake.

Wapiga mbizi waliochunguza meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama Mombasa mwaka 1697, nao walipima kwanza, wakainua baadaye.

Jembe likigonga kitu cha namna hiyo, simama. Kipige picha palepale na rula kando, andika mahali na kina. Sheria ya 2006 inakutaka uyaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba.