Agano Linapochukuliwa na Mmoja: Ugonjwa wa Kusahau katika Ndoa na Jamaa

Utangulizi

Watu wawili wanapofunga ndoa Kanisani huahidiana kukaa pamoja, katika afya na katika ugonjwa, mpaka kifo kiwatenganishe. Ahadi hiyo hutolewa na wawili, na kwa miaka mingi huchukuliwa na wawili. Lakini uko ugonjwa ambao humwondolea mmoja wao hata kumbukumbu ya kwamba aliahidi. Makala hii inakusudia kueleza ugonjwa huo ni nini, unaitendea nini ndoa ya siku nyingi na jamaa ipendanayo, na mambo gani mhudumu wa Kanisa apaswa kuyajua kabla hajabisha hodi katika nyumba kama hiyo.

Ugonjwa wenyewe

Madaktari huuita dimenshia. Hilo si jina la ugonjwa mmoja, bali ni jina la hali ya kupungukiwa na kumbukumbu, lugha na uwezo wa kupima mambo, hata mtu asiweze tena kujitegemea. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao huharibu seli za ubongo polepole kwa miaka mingi. Sababu nyingine ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, jambo linalowapata hasa wenye shinikizo la damu na waliopatwa na kiharusi.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wala si jambo la mbali nasi. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya watu wenye miaka 70 na zaidi, wapatao 6 katika kila 100 walikuwa nayo.

Basi yafaa kusahihisha mawazo mawili. La kwanza ni kwamba huo ni uzee tu. Sivyo, maana wazee wengi hufikia umri mkubwa sana wakiwa na akili timamu. La pili ni kwamba mgonjwa amerogwa au amelaaniwa. Wazo hili huongeza chuki juu ya msiba. Tena, huzuni kuu, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingoni na maambukizo mbalimbali huweza kufanana na dimenshia, nayo yana matibabu. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kupelekwa hospitali kwanza.

Yanayoipata ndoa

Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya huumia mapema. Ndiyo maana mzee aweza kusimulia siku ya arusi yake kwa ukamilifu, lakini asijue kama amekula asubuhi. Mwenzi wake hujibu swali lile lile mara kumi, naye hudhani anafanyiwa ukaidi.

Jambo lililo zito zaidi ni tuhuma. Mwaka 1901, huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimchunguza mama mwenye miaka 51, Auguste Deter, mke wa karani wa reli. Miongoni mwa dalili za kwanza zilizoonekana nyumbani kwake ni wivu mkali juu ya mumewe. Kisha kumbukumbu yake ikaharibika upesi. Alifariki mwaka 1906, na uchunguzi wa ubongo wake ndio uliofanya ugonjwa huu uitwe kwa jina la daktari huyo. Hivyo tangu mgonjwa yule wa kwanza, ugonjwa ulianza kwa kuijeruhi ndoa. Mume au mke anayetuhumiwa leo uzinzi au wizi baada ya miaka 40 ya uaminifu yampasa kuambiwa waziwazi kwamba maneno hayo yanatoka katika ugonjwa, wala siyo siri ya moyo iliyofichwa miaka yote.

Baadaye huja siku ambayo mke humwuliza mumewe, "Wewe ni nani?" Hapo mume huomboleza mtu ambaye yu hai. Hakuna matanga, hakuna majirani wanaokuja kulala naye, wala hana ruhusa ya kulia. Huzuni ya namna hii haina desturi ya kuipokea, na kwa sababu hiyo hubebwa kimya.

Je, upendo umekufa pale jina linaposahauliwa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu fupi za kuhuzunisha na za kufurahisha. Baada ya dakika chache walikumbuka machache mno, lakini huzuni au furaha ile ilikaa ndani yao. Habari husahauliwa, bali moyo hubaki umeguswa. Robertson McQuilkin, mkuu wa chuo cha Biblia huko Columbia, South Carolina, alilifahamu jambo hilo nyumbani kwake. Mkewe Muriel alijawa na hofu kila alipoachwa, akawa anamfuata ofisini kwa miguu mara nyingi kwa siku moja. Akiwa karibu na mumewe alitulia. Mwaka 1990 McQuilkin aliacha cheo chake, akamtunza mpaka alipofariki mwaka 2003.

Si kila mtu awezaye kuacha kazi. Hata hivyo mfano huo unatuonya sisi wanaume. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hawa hutolewa na wanawake. Ahadi ya ndoa haikumfunga mke peke yake.

Yanayoipata jamaa

Katika jamaa, mzigo humwangukia mmoja, mara nyingi binti au mkamwana aliye nyumbani. Yeye ndiye huamka usiku mgonjwa anapotaka kutoka, na yeye ndiye hushitakiwa kuiba fedha ambazo mgonjwa mwenyewe amezificha. Watoto walio mbali hupiga simu au huja kwa siku mbili. Mgonjwa huchangamka mbele ya wageni, nao huondoka wakisema mama hana neno. Hapo ugomvi huanza. Mambo ya shamba na fedha yaamuliwe mapema, mgonjwa angali aweza kusema analotaka.

Luther, akieleza amri ya nne katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba wazazi waheshimiwe hata wakiwa dhaifu na wenye tabia za ajabu. Heshima hiyo haitegemei akili ya mzazi.

Wajibu wa usharika

Mchungaji au Mwinjilisti azuruye nyumba hiyo asimpime mgonjwa kwa kuuliza, "Unanikumbuka?" Ajitaje jina, aketi, aseme polepole, kwa lugha ya utotoni ikibidi, maana lugha iliyojifunzwa baadaye huweza kutoweka kwanza. Aimbe wimbo wa zamani na kusali Sala ya Bwana, kwa kuwa mambo hayo hudumu muda mrefu. Kisha asiondoke bila kumwuliza mtunzaji, "Na wewe u hali gani?" Wazee wa Kanisa wapange zamu za kuketi na mgonjwa, ili mwenzi wake aende sokoni, hospitali, ama alale tu.

Hitimisho

Mmoja asipoweza tena kuikumbuka ahadi, mwenziwe huichukua kwa ajili ya wote wawili. Lakini naye ni mzee, na mabega yake yana mwisho. Usharika ulioshuhudia ahadi hiyo siku ya arusi hauwezi kusema kwamba haikuuhusu.